Kutafuta mababu wa Quebec: kwa nini jina la ukoo peke yake halitoshi

Quebec ni jimbo la Kanada ambako wakazi wengi huzungumza Kifaransa. Wengi wao ni wazao wa Wafaransa waliohamia huko baada ya Samuel de Champlain kuanzisha mji wa Quebec mwaka 1608. Mapadri wao waliandika kila ubatizo, ndoa na maziko, na kuanzia mwaka 1679 daftari liliandikwa nakala mbili, moja ikibaki parokiani na nyingine ikipelekwa serikalini. Hata kanisa likiungua, habari hazikupotea zote. Ndiyo maana mjukuu wa mkulima wa kawaida anaweza kuufuata ukoo wake karne tatu na zaidi kurudi nyuma.

Ugumu uko kwenye majina.

Katika madaftari hayo utakuta neno dogo "dit", linalotamkwa "di", maana yake "aitwaye". Jacques Miville, kwa mfano, aliandikwa Miville dit Deschênes. Baadhi ya wazao wake leo ni Miville, wengine ni Deschênes, na babu yao ni mmoja. Majina mengi ya namna hii yalitoka jeshini. Mwaka 1665 kikosi cha Carignan-Salières kilifika na askari wapatao 1,200, na mamia kati yao walibaki kuoa na kulima. Askari alikuwa na lakabu yake: Lafleur, yaani ua, au Sansouci, asiye na wasiwasi. Watoto wengine walirithi lakabu hiyo, wengine jina la baba. Kwa hiyo mtafutaji akiona ukoo umekatika ghafla, mara nyingi haujakatika. Umeendelea kwa jina la pili.

Majina ya ubatizo nayo yana utaratibu wake. Ilikuwa kawaida mvulana kupewa Joseph kwanza na msichana Marie, kisha jina la msimamizi wa ubatizo, halafu jina la kuitwa nyumbani. Ukimtafuta Angélique, usishangae kumkuta ameandikwa Marie Louise Angélique. Tena mtoto akifa mdogo, anayezaliwa baadaye aliweza kupewa jina lilelile. Hapa ndipo watu wengi huchukua mtoto aliyezikwa wakamfanya babu yao.

Jambo moja humsaidia sana mtafutaji: mwanamke aliandikwa kwa jina la baba yake hata baada ya kuolewa, mara nyingi mpaka siku ya kuzikwa. Bibi hapotei ndani ya jina la mume. Tangu mwaka 1981 sheria ya Quebec nayo inataka mwanamke aliyeolewa abaki na jina lake la kuzaliwa.

Kwa maoni yangu, cheti cha ndoa kina thamani kuliko vyote. Kwa kawaida kinataja wazazi wa bwana harusi na wa bibi harusi, hivyo ndoa moja inakupeleka kwenye ndoa ya kizazi kilichotangulia. Mjane alipoolewa tena, padri mara nyingi alimtaja marehemu mume tu, na hapo inabidi kutafuta ndoa yake ya kwanza. Padri Cyprien Tanguay alikusanya habari hizi katika kamusi ya koo, ambayo juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1871. Chuo Kikuu cha Montréal kilianza kazi kama hiyo mwaka 1966, na sasa inapatikana kwenye intaneti.

Kazi ni ngumu zaidi kwa wazao walioko Marekani. Kati ya mwaka 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 walivuka mpaka, wengi wakienda kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Huko Boisvert aliweza kuwa Greenwood, na Leblanc akawa White. Mzao wa namna hiyo aanze na wazee walio hai na madaftari ya parokia ya huko Marekani, apate jina la Kifaransa na majina ya wazazi, ndipo ageukie Quebec. Na kabla ya kumwandika Joseph yeyote kuwa babu yake, atazame pia daftari la maziko.