Ukumbi wa Ukumbusho wa San Francisco

Miji iliyopoteza vijana wake vitani imewakumbuka kwa njia nyingi, na iliyo mingi husimamisha nguzo ya mawe. Mji wa San Francisco, katika nchi ya Marekani, ulichagua kuwajengea marehemu wake nyumba ya kutumiwa na walio hai.

Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918, askari waliorudi walitaka mahali pa kukutania, na wapenzi wa muziki walitaka ukumbi wa michezo ya kuimbwa. Pande hizo mbili zilibishana sana kabla ya kupatana. Mwaka 1927 wapiga kura walikubali mji ukope dola milioni 4, na majumba mawili ya kufanana yakajengwa bega kwa bega. Ukumbi mkubwa ulifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1932. Katika ua ulio kati yake umewekwa udongo ulioletwa kutoka Ufaransa, walikoanguka vijana wale.

Katika majumba hayo, tangu Aprili 1945, wajumbe wa mataifa walishauriana jinsi ya kuzuia vita vingine, na tarehe 26 Juni mataifa 50 yakatia sahihi Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kutoka Afrika walikuwapo wajumbe wa Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini tu. Kenya haikuwa na mjumbe, ingawa wana wake walikuwa wamepigana hata Burma. Hata hivyo, sharti la 73 la Mkataba liliwafunga watawala wahesabu maslahi ya wenyeji kuwa amana takatifu, na kuwasaidia kuelekea kujitawala.

Ahadi ni deni, nao Waafrika walilidai. Mwaka 1955 Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini kuisemea Tanganyika. Na tarehe 16 Desemba 1963, siku nne baada ya uhuru, Kenya ikaingia katika Umoja huo.

Nasi wa vyama vya ustawi, kila tunapochangishana shilingi za ukumbi, tusidhani tunanunua mawe na mabati tu. Hatuwezi kujua ni neno gani litakalosemwa humo, wala ni nani asiyekuwapo leo ambaye kesho atakuja kulidai.