Mapadre Walipoondoka, Nani Alibaki na Imani?



Desemba iliyopita, watoto wangu walipokuwa likizo, nilimwomba yule mdogo, mwenye umri wa miaka tisa, atuongoze katika sala ya jioni. Alinitazama kwa mshangao usio na utundu wowote, akasema: "Baba, sala ya jioni tunasali shuleni. Hapa nyumbani huwa hatusali." Hakukusudia kunilaumu. Alikuwa akieleza utaratibu wa mambo kama alivyoukuta. Nami, ninayelipwa mshahara kwa kufundisha historia, sikuwa na la kumjibu.

Makala haya ni jibu nililoshindwa kulitoa usiku ule.

Tumezoea kuisimulia historia ya Kanisa Katoliki nchini kama historia ya misioni, shule, hospitali na maaskofu. Si ajabu, kwa kuwa taasisi hizo ndizo zilizoacha nyaraka, na sisi wanahistoria huenda mahali penye nyaraka. Lakini liko swali ambalo nyaraka hizo hazilijibu vizuri: taasisi zilipoondolewa, imani ilikaa wapi? Swali hili si la kubuni, kwa maana taasisi ziliwahi kuondolewa kweli, hapa kwetu na kwingineko.

Nianze na kusini mwa nchi, nilikozaliwa. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika pwani yetu mwaka 1888, na mwaka 1898 wakafungua misioni ya Peramiho katika nchi ya Wangoni. Miaka saba baadaye vikazuka Vita vya Maji Maji. Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa wakiwa safarini, na misioni ya Peramiho ikateketezwa kwa moto. Kabla majeraha ya vita hivyo hayajapona, Vita Kuu ya Kwanza ikaingia. Waingereza walipoitwaa nchi, wamisionari Wajerumani walishikwa kama raia wa taifa adui, na hatimaye wakaondolewa. Mapadre wachache wa mashirika mengine walibaki wakihudumia maeneo makubwa kupita uwezo wao, na ilikuwa katika miaka ya 1920 ndipo Wabenediktini waliporejea.

Kwa hiyo ilipita miaka ambayo Mkristo wa kijijini aliweza kuzaliwa, kukua na kufa bila kumwona padre. Walioikamata kazi ni makatekista: waliwakusanya watu Jumapili, waliwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, waliwazika wafu. Hawa angalau wanatajwa katika vitabu, ingawa kwa nadra. Wasiotajwa kabisa ni akina mama waliowasikilizisha watoto wao Baba Yetu na Salamu Maria kila jioni, wakiwa wenyewe hawajui kusoma.

Bibi yangu alizaliwa katika miaka hiyo. Hakupata shule. Alichokijua alikipata kwa mama yake, naye mama yake alikipata kwa katekista. Nilipokuwa mdogo nililelewa nyumbani kwake kwa miaka kadhaa, na naweza kueleza alivyotufundisha, kwa kuwa hakutufundisha kwa maneno mengi. Jumapili ya Matawi tawi lililobarikiwa liliwekwa nyuma ya msalaba ukutani, likakauka hapo mwaka mzima mpaka lilipopelekwa kanisani kuchomwa kuwa majivu. Kwa hiyo tulijua, kabla ya kufundishwa na mtu yeyote, kwamba shangwe ya mwaka huu ndiyo majivu ya mwakani. Sikukuu ya somo wako ilipofika, ulipewa finyango la kwanza la nyama na ukasimuliwa habari za mtakatifu unayeitwa kwa jina lake. Mwezi Oktoba tulisali Rozari juu ya mkeka, kwa mwanga wa kibatari.

Rozari ya bibi ilikuwa ndefu kuliko ya watu wengine. Baada ya fumbo la tano aliwataja marehemu wa ukoo, mmoja mmoja: huyu aliyefia vitani, huyu aliyeondoka na mimba, huyu aliyekwenda kukata mkonge akafia huko asirudi. Kila jina tuliliitikia kwa kuwaombea pumziko. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la historia. Shahada zote nilizozipata baadaye nilizijenga juu ya mkeka ule.

Msomaji anaweza kupinga kwamba miaka michache bila mapadre si mtihani mkubwa, nami nakubali. Basi tutazame Japani, ambako mtihani huo huo ulidumu zaidi ya miaka mia mbili. Fransisko Ksaveri alifika huko mwaka 1549, na Ukristo ukaenea kwa kasi, hasa katika eneo la Nagasaki. Mwaka 1614 utawala wa Tokugawa ulipiga marufuku dini hiyo nchi nzima. Mapadre walifukuzwa au kuuawa, na kabla ya katikati ya karne ya 17 hakusalia hata mmoja. Makanisa yalibomolewa. Watu walilazimishwa kukanyaga sanamu takatifu ili kuthibitisha kwamba wameikana imani.

Mwezi Machi 1865, mmisionari Mfaransa Bernard Petitjean alikuwa katika kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni wa kutoka Ulaya. Kikundi cha wakulima kutoka kijiji cha Urakami kilimwendea, wakamweleza kwa sauti ya chini kwamba wana imani moja naye, wakauliza sanamu ya Bikira Maria ilipo. Walijua kwamba hayo yalikuwa majira ya Kwaresima. Walikuwa wamelijuaje hilo? Katika vijiji vyao, mtu mmoja alikabidhiwa kutunza kalenda ya sikukuu, mwingine kubatiza watoto, na sala zilirithishwa kwa kukariri, zikiwa na maneno ya Kilatini na Kireno ambayo maana yake wengi hawakuijua tena. Hawakuwa na shule, seminari wala kitabu cha kutembea nacho hadharani. Walikuwa na nyumba.

Uaminifu unanidai niseme na upande wa pili. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1873, si wote waliorudi katika Kanisa. Familia nyingine zilichagua kubaki na desturi za wazee wao kama zilivyokuwa, kwa kuwa kwao hizo ndizo zilikuwa zimekuwa imani yenyewe. Nyumba huhifadhi, lakini nyumba iliyojifungia hubadilisha kile inachokihifadhi. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulipoifufua lugha ya kale ya kuiita familia Kanisa la nyumbani, haukuitenga nyumba hiyo na altare.

Hapa kwetu fundisho hilo lilijaribiwa upesi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa serikali mamlaka juu ya shule za mashirika ya dini, nazo nyingi zikataifishwa. Rais aliyeongoza hatua hiyo, Mwalimu Nyerere, alikuwa mwenyewe Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943. Wako walioona kwamba Kanisa limekatwa mkono. Lakini maaskofu wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, yaani kikundi cha majirani kinachosali nyumba kwa nyumba. Sala ilirudi kwenye mkeka.

Leo shule za Kanisa zipo tena, nyingi na nzuri, na ada zake ni kubwa. Hapo ndipo ilipo hatari tusiyoiona. Wabenediktini walipoondolewa, mzazi alijua kwamba asipofundisha yeye hakuna atakayefundisha. Sisi tunalipa ada ya bweni, tukadhani tumelipia na imani. Ugonjwa huu hauishii kwenye dini. Tunadai shule ifundishe uadilifu kwa mtoto anayemsikia baba yake akipanga rushwa kwa simu sebuleni, na uzalendo kwa mtoto asiyejua kaburi la babu yake lilipo. Msomaji Mwislamu, ambaye sura za kwanza alizisikia kwa mama yake kabla ya kupelekwa madrasa, anajua ninachokisema.

Sitaki kuipamba jana. Ziko nyumba katika kijiji chetu ambako Rozari ilifundishwa kwa fimbo, na wenzangu wengi waliokulia humo hawaingii kanisani mpaka leo. Bibi hakutupiga. Tuliposinzia alituacha tulale palepale mkekani, akaendelea peke yake. Tulipozinduka tulimkuta bado anataja majina. Naamini tulijifunza zaidi tulipokuwa usingizini.

Tangu likizo ile, watoto wanapokuwa nyumbani tunasali fumbo moja tu kila jioni, kisha tunataja marehemu wetu. Tulipoanza niliketi na daftari kuandika orodha ya bibi. Nilikumbuka majina kumi na saba. Najua yalikuwa zaidi ya ishirini. Baba amekwisha fariki, shangazi zangu pia, na hakuna nyaraka popote yalipoandikwa yale yaliyosalia.

Mwanangu aliniuliza tuwafanyeje hao tuliowasahau. Nilimwambia tuwaombee hivyo hivyo bila majina. Alifikiri kidogo, kisha akachukua kalamu, akaliandika jina la bibi kuwa la kumi na nane, kwa kuwa katika kukumbuka wafu wake wote nilikuwa nimesahau kumwandika yeye.