Mfuko wa mchanga kwenye buti

Katika Uswidi ya miaka ya 1950 na 1960, buti la Volvo mwezi wa Januari halikuwa la mizigo tu. Mlikuwa na koleo, kamba ya kuvutia gari, kipande cha zulia chakavu na mifuko miwili mitatu ya mchanga iliyosogezwa karibu na ekseli ya nyuma. Mfuko ule ulikuwa na kazi mbili. Ukiwa umefungwa, uzito wake uliyakandamiza magurudumu ya nyuma yashike barabara. Gari likikwama, unafunguliwa, mchanga unamwagwa mbele ya tairi, safari inaendelea.

Aliyewahi kuendesha pikapu tupu ya Peugeot 504 kwenye udongo mweusi wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi. Tairi za nyuma zinazunguka, injini inalia, gari haliendi popote, na mkia unaanza kutafuta mtaro. Theluji hufanya hivyohivyo, ila yenyewe haikauki jua likitoka. Inakaa miezi minne, mitano.

Shida ni ya mpangilio. Kwenye magari mengi ya zamani injini ilikaa mbele, na nguvu zikapelekwa nyuma kwa propela mpaka kwenye difu. Uzito uko mbele, kazi inafanywa nyuma. Kwenye lami kavu haina neno, maana ukikanyaga mafuta gari hukalia matako, na uzito unahamia kwenye tairi zinazosukuma. Kwenye theluji huwezi kukanyaga kwa nguvu hiyo, kwa hiyo uzito haurudi nyuma, na tairi zinabaki nyepesi wakati zinapotakiwa kuwa nzito.

Hata hivyo Volvo, kampuni ya nchi ambayo nusu ya mwaka ni nyeupe, ilishikilia mpangilio huo kwa miongo mingi. PV444 ilioneshwa Stockholm mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, kwa bei ya kronor 4,800, ileile ya gari la kwanza la kampuni hiyo la mwaka 1927. Wateja walianza kukabidhiwa magari mwaka 1947. Likafuata PV544 mwaka 1958, gari lenye mgongo wa kobe, ambalo mwaka 1959 lilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza duniani kufungwa mkanda wa pointi tatu uliobuniwa na Nils Bohlin. Kulikuwa pia na Amazon na 240, na 240 iliendelea kuundwa hadi 1993. Zote hizo zilisukuma kwa nyuma.

Majirani zao wa Saab, watengeneza ndege, waliona upuuzi. Gari lao la kwanza, Saab 92, lilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1949 likivutwa na magurudumu ya mbele, pale penye uzito wa injini. Kwa hesabu za darasani Saab walikuwa sahihi. Ubishi wa nani bora kati ya Saab na Volvo ulidumu Uswidi miaka na miaka, kama wetu wa Simba na Yanga.

Kabla ya kuhukumu, tutazame tairi, kwa sababu nusu ya ugomvi huu ni wa tairi na si wa difu. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha Ufini kilichokuwa katika mji wa Nokia (ndiyo, Nokia ileile ya simu) kilitoa tairi ya malori iliyochongwa mahususi kwa theluji. Miaka miwili baadaye ikaja ya magari madogo, ikaitwa Hakkapeliitta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikaanza kuuzwa tairi zenye misumari midogo ya chuma inayouma barafu. Tena zilikuwa nyembamba. Macho yetu yamezoea kuamini kwamba tairi pana ndiyo imara, lakini pana huelea juu ya theluji laini, wakati nyembamba huikata na kufika chini penye ugumu. Leo sheria ya Uswidi inadai tairi za baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 barabara zikiwa na theluji au barafu, na ilianza kutumika mwaka 1999. Kizazi cha PV544 kilijiamulia chenyewe.

Kuendesha kwenyewe kulikuwa elimu ya miguu na viganja. Unaondoka kwa gia ya pili, kwa kuwa ya kwanza ina nguvu mno na tairi zitazunguka bure. Klachi unaiachia polepole. Ukiwa mwendoni unasikiliza usukani: ukiwa mwepesi ghafla mkononi, ujue tairi za mbele zimeiacha barabara, basi punguza mafuta, usizidi kukata kona. Mkia ukienda kulia, peleka usukani kulia, kisha urudishe mapema, kabla gari halijajinyoosha lenyewe, la sivyo litakutupa upande wa pili kwa hasira zaidi. Breki usiiguse. Mwenye gari la kusukuma nyuma alijifunza haya kwa lazima kila asubuhi akienda kazini. Na hadi Septemba 3, 1967, Waswidi walifanya hayo wakipita upande wa kushoto wa barabara, ilhali magari yao mengi yana usukani kushoto. Dereva aliketi ukingoni, karibu kabisa na lundo la theluji.

Wenye Volkswagen Kobe na Porsche hawakuhitaji mchanga, kwa sababu injini yao ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Hao waliteseka mbele: pua nyepesi, unakata kona na gari linakwenda moja kwa moja msituni. Dawa yake madereva wa nchi za Skandinavia waliifanya sanaa. Kona ikiwa ya kushoto, dereva anapeleka usukani kulia kwanza, anaachia mafuta mpaka mkia uanze kuyumba, halafu anaurudisha kushoto na kukanyaga. Gari linaingia kona ubavuubavu, pua ikiwa tayari imeelekea kule linakotaka kutokea.

Rali ya Uswidi ilianza mwaka 1950 kama mashindano ya kiangazi. Mwaka 1965 ikahamishiwa majira ya baridi, na Tom Trana akashinda kwa PV544. Kisha Björn Waldegård, kijana wa miaka ya ishirini, akashinda mara tatu mfululizo, 1968 hadi 1970, kwa Porsche 911, na katikati yake akabeba Rali ya Monte Carlo mara mbili. Saab nao walijibu, hasa kwa mikono ya Stig Blomqvist. Nimehesabu washindi kuanzia 1965 hadi 1980, ukiacha 1974 ambapo rali haikufanyika kwa sababu ya uhaba wa mafuta. Magari ya kusukuma nyuma yameshinda mara nane, ya kuvuta mbele mara saba. Kwa mpangilio uliosemwa haufai theluji, hiyo si aibu.

Elimu hiyo ya theluji ilifika Afrika Mashariki mapema. Mwaka 1964 Erik Carlsson, mtu wa Saab, alimaliza wa pili katika Safari Rally, na inasimuliwa kwamba aliponasa kwenye tope alilibiringisha gari lake kwa makusudi ili litoke. Mwaka uliofuata Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na ndugu yake Jaswant walichukua PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda, wakashinda. Gari la kobe lililoundwa kwa baridi ya Göteborg likapata jina kubwa Nairobi. Lakini tusijidanganye kwamba ni gari tu. Joginder alikuwa fundi, na tope alilijua tangu utoto.

Kule Uswidi zama za kusukuma nyuma zilifungwa Februari 1981, Hannu Mikkola alipokuja na Audi Quattro, gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, akashinda. Anders Kulläng, aliyeshinda mwaka mmoja kabla kwa Opel Ascona 400, ndiye wa mwisho kushinda theluji ile kwa gari la kusukuma nyuma. Afrika Mashariki haikuwa na haraka. Hapa Shekhar Mehta aliendelea kushinda Safari kwa Datsun hadi 1982, na Toyota Celica za kusukuma nyuma zikatawala 1984, 1985 na 1986. Audi ilibidi isubiri hadi 1987. Celica mbili kati ya hizo tatu ziliendeshwa na Waldegård yuleyule wa Rali ya Uswidi, ambaye tayari alikuwa amechukua Safari ya 1977 kwa Ford Escort, na mwaka 1979 akawa dereva wa kwanza kutawazwa bingwa wa dunia wa rali.

Alirudi Kenya mara nyingine mwaka 2011, kwenye Safari ya magari ya kale, mwanawe Mathias akimsomea njia. Alikuwa na miaka 68, na gari lilikuwa Porsche 911, injini nyuma, nguvu nyuma. Alishinda.