Maana ya "Mbele ya Kiti cha Enzi" katika Maandishi ya Wanafunzi wa Biblia

Msomaji wa maandishi ya dini hukutana mara nyingi na shida ambayo mwanafunzi wa lugha huijua: neno hudumu, maana yake ikahama. Mfano mmoja ulio wazi ni ule wa Wanafunzi wa Biblia wa Marekani, ambao wengi wao tangu 1931 huitwa Mashahidi wa Yehova. Mafundisho yao huwagawanya waumini katika matabaka, na mgawanyo huo umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mlango wa saba wa Ufunuo wa Yohana. Humo hutajwa watu 144,000 waliotiwa muhuri, kisha umati usiohesabika uliosimama mbele ya kiti cha enzi.

Charles Taze Russell, aliyeanza kutoa gazeti lake Pittsburgh mwaka 1879, alifundisha kwamba makundi yote mawili ni ya mbinguni. Wale 144,000 ndio "kundi dogo" la Injili ya Luka, watakaotawala pamoja na Kristo. Umati ni waumini wa daraja la pili, ambao bidii yao ilipungua, nao huokolewa kwa kupitishwa katika dhiki. Hoja yake ilishikilia mambo madogo: hawa wana matawi ya mitende, si taji, tena wamesimama mbele ya kiti, hawakukikalia. Kwa Russell, basi, "mbele ya" ni neno la cheo.

Russell alikufa 1916, na J. F. Rutherford akashika uongozi. Tarehe 31 Mei 1935, katika mkutano wa Washington, Rutherford alieleza kwamba umati ule ni watu watakaoishi milele duniani. Andiko halikubadilika hata neno moja. Ila "mbele ya" sasa si cheo mbinguni, bali ni kuwa machoni pa mwenye enzi, popote mtu alipo.

Kwa upande wa lugha, maelezo haya hayapuuzwi kwa urahisi. Neno la Kiyunani enopion lafaa kuchukuliwa hivyo. Na Mswahili aapaye "mbele ya Mungu" hadai kwamba amepanda mbinguni. Lakini maneno yale yale ya Kiyunani, okhlos polus, yanarudi katika mlango wa 19, na hapo umati watajwa wazi kuwa mbinguni. Tena umati wa mlango wa saba watumika katika hekalu, naos, ambalo mlango wa 11 waliweka mbinguni. Kwa maoni yangu, Russell alikuwa na mzigo mwepesi zaidi.

Basi sababu ya mageuzi haikutoka katika sarufi. Tangu 1932 Rutherford alikwisha wataja waumini wenye tumaini la duniani kwa mfano wa Yehonadabu, mtu aliyepandishwa katika gari la Yehu. Tabaka lilikuwapo tayari. Aya ilifuata baadaye.

Wala hili halikuwa jambo la vitabuni tu. Katika Ukumbusho wa kifo cha Kristo, wanaojihesabu kuwa wa mbinguni ndio hula mkate na kunywa divai; wengine hutazama. Mwezi Aprili 1935, kabla ya hotuba ile, walihudhuria watu 63,146, na 52,465 kati yao walishiriki. Baadaye wengi waliozoea kula waliacha. Mwaka 2005 walioshiriki duniani kote walikuwa 8,524. Ilifundishwa kwamba wito wa mbinguni kwa jumla ulikoma 1935, mpaka gazeti lao lilipoliondoa fundisho hilo mwaka 2007.

Hapa mfasiri wa Kiswahili ana tahadhari ya kuchukua. Maandishi ya leo ya Mashahidi hutumia "umati mkubwa" kwa tabaka la duniani. Akilitia neno hilo katika kitabu cha Russell, msomaji atawaweka duniani watu ambao mwandishi mwenyewe aliwaweka mbinguni. "Kundi kubwa" lingefaa zaidi, pamoja na kuutaja mwaka wa kitabu.