Mkono unaoshika bila kuhisi

Hebu fumba macho, kisha nyanyua glasi ya maji iliyo mezani. Haikuponyoki, wala huipasui. Ikianza kuteleza tu, ncha za vidole zinapeleka habari na mkono unakaza kabla hata hujafikiri. Sasa mpe kazi hiyo mtu mwenye mkono wa bandia. Bila macho, amekwama. Nikifuatilia historia ya mikono hii, naona watengenezaji wengi walihangaika na nguvu, wakasahau mguso.

Tuanze Ujerumani. Mwaka 1504 shujaa mmoja wa vita, Götz von Berlichingen, alikatwa mkono na mzinga huko Landshut. Akatengenezewa mkono wa chuma wenye springi ndani, akaendelea kupigana miaka mingi. Ulishika barabara, lakini haukumwambia chochote.

Mwaka 1912 Mmarekani David W. Dorrance, aliyepoteza mkono kwenye kiwanda cha mbao, alipata hataza ya ndoano inayofunguliwa kwa waya unaovutwa na bega. Sura yake mbaya, sawa. Lakini mvutano wa ule waya humjulisha mwenyewe ndoano imefunguka kiasi gani. Ilipokuja mikono ya umeme inayoongozwa na misuli, waya ukaondolewa, na kale kahabari kadogo kakapotea. Maendeleo hayo!

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Profesa Rajko Tomović na wenzake wa Belgrade, Yugoslavia, wakaja na wazo jipya: waliweka vihisi vya mgandamizo kwenye mkono wa bandia. Ukigusa kitu, unajifunga wenyewe. Safi sana, ila angalia vizuri: aliyehisi ni mkono, siyo mwenye mkono. Habari iliishia kwenye mota.

Kilichobaki kilikuwa kuifikisha habari hiyo kwa binadamu. Mwaka 2013, mjini Roma, madaktari walipandikiza elektrodi nne kwenye neva za mkono wa Dennis Aabo Sørensen, raia wa Denmark aliyepoteza mkono wa kushoto kwa fataki. Vidole vya bandia vikigusa kitu, vihisi vilipima mgandamizo, kompyuta ikaugeuza kuwa umeme mdogo na kuupeleka kwenye neva. Akiwa amefungwa macho, aliweza kutofautisha kitu kigumu na laini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Kwa sababu za usalama, elektrodi zilitolewa baada ya mwezi mmoja hivi.

Mwezi mmoja tu! Lakini kwangu ule ndio mwezi muhimu kuliko karne zote zilizotangulia. Mtu asiyehisi hawezi kumshika mtoto mkono huku akitazama magari barabarani. Lazima achague atazame kipi. Ndiyo maana nikisikia mkono mpya unasifiwa kwa nguvu na kasi, nauliza swali moja tu: unamwambia nini mwenyewe?