Msumeno wa injini unapogoma kuwaka ukiwa moto

Majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta joto kali katika Kaunti ya Mombasa. Kipimajoto hupanda hadi nyuzi 32 au 33 za Selsiasi kivulini, na unyevu wa hewa huzidisha adha. Ni katika kipindi hiki ambapo ila za misumeno ya mnyororo, ambayo wengi huiita pawa-so, hudhihirika zaidi.

Lalamiko ni lile lile, awe ni mpasua minazi wa Mtongwe huko Likoni, mkata mivinje wa Bamburi katika eneo la Kisauni au mpogoaji miembe wa Port Reitz, Changamwe. Asubuhi msumeno huwaka kamba inapovutwa mara ya pili au ya tatu. Baada ya tangi moja huzimwa ili kujazwa petroli au kugeuza gogo, na hapo hugoma, kamba ivutwe mpaka mkono uchoke. Ukiachwa kivulini kwa muda, huwaka tena kana kwamba haukuwa na ila yoyote.

Wengi hulaumu jua. Hata hivyo, msumeno ulio mzima hulistahimili joto la pwani. Aghalabu joto hufichua tu kasoro iliyokuwemo tayari. Anayesubiri injini ipoe kila mara bila kuitafuta kasoro hiyo hupoteza saa za kazi, na huenda hatimaye akalazimika kununua pistoni na silinda mpya.

Kinachotokea injini ikizimwa

Injini ya msumeno hupozwa na upepo wa feni iliyo kwenye gurudumu la sumaku. Injini inapozimwa, feni nayo husimama, ilhali silinda na ekzosi bado zina moto mwingi. Moto huo husambaa hadi kwenye kabureta na mpira wa mafuta, hivi kwamba dakika chache baadaye kabureta huwa na joto kuliko ilivyokuwa kazini.

Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka katika joto la takriban nyuzi 35. Mvuke ukijaa katika njia ya mafuta, kabureta hukosa petroli ya kutosha na injini haiwaki.

Kwa sababu hiyo, haifai kuuzima msumeno ghafla baada ya kukata gogo nene. Uachwe ungurume polepole kwa nusu dakika hivi ili feni iondoe moto, kisha uwekwe kivulini, wala si juu ya mchanga uliochomwa na jua.

Hatua za kwanza

Kosa linalotendwa mara nyingi ni kuvuta choki. Choki hupunguza hewa ili petroli izidi, jambo linaloifaa injini baridi. Injini ikiwa moto, petroli hiyo ya ziada huilowesha plagi na kuzima cheche.

Misumeno mingi, zikiwemo aina maarufu za Stihl na Husqvarna, ina mkao maalum wa kuwashia injini moto. Choki huwa wazi kabisa, na akseleta hubanwa kiasi. Mwenye msumeno asiyeujua mkao huo anapaswa kuusoma katika kitabu cha maelekezo.

Ikiwa plagi imekwisha kulowa, swichi izimwe, plagi itolewe na kukaushwa, kisha kamba ivutwe mara kadhaa ili petroli itoke kupitia tundu la plagi. Mtu akae kando ya tundu hilo, mbali na moto wowote. Plagi ikirudishwa, breki ya mnyororo ifungwe, choki iachwe wazi, akseleta ibanwe kikamilifu na kamba ivutwe tena.

Dalili nne za kuchunguzwa

Tatizo likijirudia, uchunguzi ufanywe injini ikiwa bado ina moto. Ikipoa kabisa, ushahidi hupotea.

Dalili ya kwanza imo katika tangi. Tangi huwa na tundu dogo la kupitisha hewa. Likizibwa na vumbi la mbao, petroli haiwezi kutiririka, na msumeno hulegea na kuzima baada ya dakika kadhaa. Baada ya kusubiri kidogo, kofia ya tangi ifunguliwe polepole, mbali na uso. Hewa ikisikika ikivutwa ndani kwa nguvu na msumeno ukawaka baadaye, tundu hilo ndilo lenye kasoro. Kulisafisha si kazi ya gharama.

Dalili ya pili ni hali ya plagi. Plagi kavu huonyesha kwamba petroli haifiki kwenye silinda. Huenda ni mvuke, chujio lililoziba au mpira wa mafuta ulioota nyufa. Plagi iliyolowa huonyesha kwamba petroli imefika lakini haikuungua.

Dalili ya tatu ni cheche. Plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.5 ijaribiwe kwanza. Iwapo cheche hutoweka injini ikiwa moto na kurudi ikipoa, waya ulio ndani ya koili huenda umekatika mahali fulani. Joto hutanua pengo hilo na ubaridi huliziba. Koili ya namna hiyo haikarabatiki, hubadilishwa. Kabla ya kuinunua nyingine, waya wa swichi uchunguzwe, kwani chumvi ya hewa ya bahari hula viungo vya waya.

Dalili ya nne ni mgandamizo. Kamba ikivutika kwa wepesi injini ikiwa moto kuliko ilivyo baridi, yamkini ringi zimechakaa au silinda imekwaruzika. Kipimo kikionyesha chini ya pauni 100 kwa inchi ya mraba, ukarabati wa ndani hauepukiki.

Msumeno uliotoka bara

Kuna sababu moja ambayo mafundi wa pwani hawana budi kuizingatia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret iko juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na kabureta hurekebishwa ili itoe petroli kidogo.

Msumeno huo ukiletwa Likoni au Changamwe, hukutana na hewa nzito zaidi. Petroli huwa haba kulingana na hewa, injini huzunguka kwa kasi ya kupindukia na kuchemka. Kwa kuwa oili ya kulainisha pistoni huja pamoja na petroli, nayo hupungua. Matokeo ni pistoni kukwaruzika, hata ikiwa mwenyewe hakukosea kuchanganya mafuta.

Kabureta yenye skrubu zilizowekwa alama H na L irekebishwe upya na fundi mwenye kifaa cha kupimia mizunguko ya injini. Dalili hizo hizo huletwa na sili za oili au mpira wa kabureta uliokauka na kuingiza hewa, hivyo sehemu hizo zichunguzwe kabla ya skrubu kuguswa.

Petroli na oili

Watengenezaji wengi huagiza sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili ya injini za mipigo miwili, yaani mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Oili ya gari haifai kazi hii. Kuongeza oili kupita kiasi hakuiponyi injini yenye joto; huziba ekzosi kwa masizi na kuchafua plagi.

Petroli iliyochanganywa isihifadhiwe zaidi ya mwezi mmoja, na katika joto la pwani ni heri muda uwe mfupi zaidi. Mtungi ukae kivulini ukiwa umefungwa. Sehemu nyepesi zikivukiza, yanayobaki ni mafuta magumu kuwaka.

Petroli iliyotiwa mafuta taa nayo huwasha kwa shida na kuidhuru injini. Uchanganyaji huo ulikuwa tatizo kubwa nchini kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilianzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuudhibiti. Ni salama kununua petroli katika kituo kinachotambulika kuliko kwenye chupa kando ya barabara.

Mnyororo butu huchosha injini

Shina la mnazi lina nyuzi ngumu na chembechembe za silika ambazo hulifisha meno ya mnyororo upesi. Mvinje nao una mbao ngumu mno, na magome ya miti iliyo karibu na ufuo hubeba mchanga.

Mnyororo mkali hutoa vipande vinavyoonekana. Mnyororo butu hutoa unga laini. Unga ukianza kutoka, mwenye msumeno huusukuma kwa nguvu, injini hulemewa na joto hupanda. Wakati huo tupa ndiyo inayohitajika.

Mnyororo hurefuka ukipata moto. Ukikazwa ukiwa katika hali hiyo, ulegezwe kazi ikiisha. La sivyo hujikunja unapopoa na kuumiza bamba linaoubeba pamoja na fani za injini.

Ratiba ya matunzo

Kila siku, chujio la hewa lisafishwe, vumbi liondolewe penye feni, mnyororo unolewe na oili yake ikaguliwe. Msumeno upanguswe ili chumvi isiganda juu yake.

Kila wiki, kifuniko cha juu kifunguliwe na mapezi ya silinda yasafishwe kwa brashi. Mapezi yaliyojaa vumbi na oili hayapozi chochote. Plagi nayo itazamwe.

Kila mwezi, chujio la mafuta, mpira wake, tundu la hewa la tangi na wavu wa ekzosi vikaguliwe. Msumeno utakaokaa wiki kadhaa bila kazi umwagwe petroli, kisha uwashwe hadi uzime wenyewe.

Hatari ya papara

Injini inayogoma humjaza mtu hamaki, na hapo ndipo ajali hutokea. Petroli isimiminwe juu ya injini yenye moto; isubiriwe ipoe, na msumeno uwashwe angalau mita 3 kutoka mahali ulipojazwa. Uwashwe ukiwa chini, umekanyagwa kwenye mshikio wa nyuma, wala si kwa kuuangusha huku kamba ikivutwa.

Jambo zito zaidi ni mti uliokatwa nusu. Msumeno ukizima katikati ya shina, watu waondolewe upande unaoweza kuangukiwa, na asibaki mtu chini yake akihangaika na kamba. Katika mitaa ya bara ya Mombasa, ambako nyumba na nyaya za umeme zimesongamana, ni busara kuhakikisha kwamba msumeno huwaka ukiwa moto kabla ya kuanza kuukata mti.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye msumeno, ufa huo huenda ukawa tundu la tangi lisilozidi ncha ya sindano. Uchunguzi uanzie hapo, ufuate chujio na plagi, kisha koili. Pistoni ije mwisho.