Fimbo Kando ya Tofaa: Historia ya Adabu ya Watoto Wadogo katika Nyumba ya Kilutheri

Katika semina za wachungaji na wainjilisti, kila mazungumzo yanapofikia malezi ya watoto, hakosi kuinuka mtu mmoja na kusoma Mithali 13:24. Akiisha kuketi, hakuna atakaye kuonekana kuwa anashindana na Maandiko. Sisi nasi tumenyamaza mara nyingi. Makala hii haikusudii kueleza malezi ya Kikristo yote. Yauliza swali moja la historia. Fimbo tunayoitetea kwa jina la mapokeo yetu, je, kweli tumeipokea kwa Luther? Na ikiwa si kwake, ilifikaje mikononi mwetu?

Martin Luther alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, akakulia Mansfeld, ambako Hans, baba yake, alifanya kazi ya madini ya shaba. Habari za utoto wake twazipata hasa katika Mazungumzo ya Mezani, yaani maneno yaliyoandikwa na wanafunzi na wageni waliokula nyumbani mwake Wittenberg. Basi ni kumbukumbu za mtu mzima, tena zimepita katika kalamu za wengine, nazo hazina budi kusomwa hivyo. Asimulia kwamba mama yake alimpiga hata damu ikamtoka kwa sababu ya kokwa moja ya jozi. Baba yake naye alimpiga siku moja kwa ukali kiasi cha kumfanya akimbie, akamwekea uchungu moyoni, na ikampasa baba kujitahidi hata amrudishe mwana kwake. Shuleni, asubuhi moja, alichapwa mara 15 kwa kushindwa kunyambua maneno ya Kilatini ambayo hakuwa amefundishwa bado.

Mwaka 1958 mwanasaikolojia Erik Erikson alitoa kitabu kizima juu ya ujana wa Luther, akayatafuta katika uhusiano wake na baba mwanzo wa mapambano yake ya kiroho. Hatuwezi kumfuata mbali kiasi hicho. Watoto wa Saxony waliopigwa karne ile hawahesabiki, wala hatusikii kwamba waliandika Hoja 95. Lakini jambo moja katika simulizi hizo latushika. Luther hakuwahukumu wazazi wake. Alisema walimtakia mema kwa moyo wote, ila hawakujua kupima tabia za watoto, ili adhabu ilingane na yule anayeadhibiwa. Na papo hapo, akiwa bado azungumza juu ya mapigo yake mwenyewe, ndipo alipotoa shauri kwamba katika kuadhibu tofaa liwepo kando ya fimbo.

Tusimgeuze Luther kuwa mtu wa karne yetu. Hakuitupa fimbo. Katika Katekisimu Kubwa, akieleza amri ya kuwaheshimu baba na mama, awaonya kwa ukali wazazi wanaowaacha watoto wakue kama miti ya porini. Yasimuliwa pia kwamba Hans, mwanawe wa kwanza, alipokosa, Luther alikataa kuuona uso wake kwa siku tatu, hata mtoto alipoomba msamaha kwa maandishi. Katharina mkewe, pamoja na Jonas, Cruciger na Melanchthon, walimwombea mtoto bure. Baba akajibu kwamba afadhali mwana aliyekufa kuliko mwana asiye na adabu. Neno hilo ni gumu, na sisi hatulipendi. Twalitaja kwa kuwa anayetaka kumtumia Luther kama shahidi hana haki ya kuuficha upande mmoja wa ushahidi.

Pamoja na hayo, mtu akiyasoma maandishi yake ya miaka ile ya kujenga kanisa, aona mkondo usiofichika. Mwaka 1524, alipowaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani waanzishe shule, aliwahakikishia kwamba shule mpya hazitakuwa tena jehanamu na toharani kama zile zilizomtesa yeye, ambamo watoto walipigwa na kutetemeka, lakini hawakujifunza kitu. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, kwenye amri ya pili, aeleza kuwa vijana wapaswa kuzoezwa kumcha Mungu kwa njia ya kitoto na ya kuchezacheza. Yale yanayosukumizwa kwa fimbo na mapigo tu, asema, hayazai tunda jema. Watoto wa namna hiyo huwa wema kwa muda ambao fimbo ingali mgongoni. Maneno haya hayatoki katika kitabu cha pembeni. Yamo katika vitabu vya ungamo, ambavyo kila mmoja wetu aliahidi kuvifuata siku ya kubarikiwa kwake.

Lakini mahali penye utajiri zaidi ni utangulizi wa Misa ya Kijerumani, wa mwaka 1526. Hapo Luther ashauri watoto waulizwe nyumbani waliyoyasikia kanisani, kisha aleta mchezo. Mtoto ajiwazie kuwa ana mifuko miwili, mmoja wa imani na mmoja wa upendo, na kila mfuko una vijifuko viwili ndani yake. Kila neno alilolisikia alitie mahali pake, kama mtu atiavyo sarafu. Neno linalosema kwamba sote tumepotea katika Adamu huingia kijifuko cha kwanza cha imani, na lile linalosema kwamba tumekombolewa katika Kristo huingia cha pili. Neno la kumtumikia jirani na kumtendea mema huenda katika kijifuko cha kwanza cha upendo. La kuvumilia mabaya ya watu, katika cha pili. Akijua kwamba wasomi watacheka, Luther aongeza kuwa mtu asijione mwenye hekima kupita kiasi hata kuudharau mchezo huu wa watoto. Kristo, ili awavute wanadamu, alilazimika kuwa mwanadamu. Basi nasi tukitaka kuwalea watoto, ni lazima tuwe watoto pamoja nao.

Hapo adabu ya mtoto mdogo imewekwa juu ya fundisho la Neno kufanyika mwili. Katika miaka yetu ya masomo tulijifunza mengi juu ya Luther na uhuru wa utashi, na juu ya Luther na wakulima. Ukurasa huu hatukuonyeshwa.

Yeye mwenyewe alilitenda neno hilo. Mwezi Juni 1530, akiwa ngomeni Coburg wakati wakuu walipokutana Augsburg, alimwandikia Hans, aliyekuwa ametimiza miaka minne siku chache tu kabla ya hapo, barua juu ya bustani nzuri. Ndani yake watoto waliovaa makoti ya dhahabu waokota matofaa na mapeasi, na wana farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu na matandiko ya fedha. Luther amwambia mtoto kwamba alimwuliza mwenye bustani kama Hans wake aweza kuingia, akajibiwa kwamba akipenda kusali na kujifunza na kuwa mwema, ataingia, pamoja na rafiki zake wawili. Zingatieni kwamba hilo ni onyo. Mtoto adaiwa kitu: sala, masomo, mwenendo. Ila hatishwi, avutwa.

Basi ilikuwaje mkondo huu ukafifia? Sehemu moja ya jibu iko Halle. August Hermann Francke, aliyeanza shule ya maskini huko mwaka 1695 na nyumba ya yatima iliyojulikana Ulaya nzima, alifundisha kwamba katika malezi utashi wa asili wa mtoto hauna budi kuvunjwa, ili apate kumtii Mungu. Tumtendee haki: alikuwa baba wa maskini, na aliwakataza walimu wake kupiga kwa hasira na kuwatukana watoto. Lakini neno la kuvunja likisemwa na mtu mwema hubaki kuwa neno la kuvunja, na wanaolirithi hawarithi wema wake daima. Luther alitaka mtoto avutwe. Kizazi cha Halle kilitaka kwanza avunjike. Na kwa njia ya Halle, ambayo ilimtoa Ziegenbalg aliyefika Tranquebar mwaka 1706, roho hiyo ya malezi iliingia katika kazi ya misioni. Kazi ya Tranquebar baadaye ilirithiwa na Misioni ya Leipzig, ile ile iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893.

Hata hivyo, kuwabebesha wamisionari mzigo wote si haki. Mkono mwingine ulikuwa wa serikali. Agizo la Chansela wa Ujerumani la tarehe 22 Aprili 1896 liliruhusu Waafrika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani wachapwe hadi viboko 25 kwa mara moja. Ndiyo adhabu ambayo wazee wetu waliiita hamsa ishirini. Kiboko kilikuwa mjeledi uliokatwa katika ngozi ya mnyama huyo wa mtoni. Siku hizi shuleni hutumiwa fimbo ya mti, lakini bado twasema mtoto amechapwa viboko, na bado twavihesabu. Mzazi aliyeudhika hapigi kwa hesabu. Hesabu ni desturi ya boma. Wala haikuondoka na Wajerumani. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliamuru viboko 24 kwa makosa fulani, 12 mfungwa akiingia gerezani na 12 akitoka, na iliyotunga sheria hiyo ni Tanganyika huru.

Je, kabla ya hapo watoto wetu hawakupigwa? Walipigwa. Otto Raum, mwana wa mmisionari Johannes Raum, alitoa mwaka 1940 kitabu juu ya utoto wa Wachagga, naye haifichi fimbo. Ila mwenye kukisoma ashangazwa na jinsi fimbo ilivyo moja tu kati ya mambo mengi: michezo, mafumbo, methali, aibu mbele ya wenzake, na sehemu ya babu na bibi katika kumlea mjukuu. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro tangu 1902 hadi 1938 na vipindi vya kukatizwa, alijaza majuzuu kwa mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana kwa maneno, kwa nyimbo na kwa alama. Tunayo sababu ya kutokubaliana na Gutmann katika mengi, maana aliipenda jamii ya kale kupita kiasi. Lakini aliona kwamba watu hawa walikuwa na elimu ya adabu iliyosemwa. Sisi wajukuu wao tumehifadhi fimbo, na maneno tumeyasahau.

Twarudi kwenye Mithali. Wako wanaojibu kwamba fimbo ya Mithali, kwa Kiebrania shebet, ni ile ile ya mchungaji katika Zaburi 23, basi ni ya kuongoza na si ya kupiga. Jibu hilo ni jepesi mno. Neno ni lile lile, kweli. Lakini Mithali 23:13 yasema wazi habari za kumpiga mtoto, na 26:3 yataja mgongo wa mpumbavu. Heri kukubali kwamba mwenye hekima wa Israeli alijua kupiga, kisha tuulize twamsomaje. Kumbukumbu la Torati 21:18-21 yaamuru mwana mkaidi apigwe kwa mawe hata afe, wala hatujasikia mahubiri ya kulitetea agizo hilo. Kila mhubiri amekwisha kuchagua, ingawa husema hachagui. Mtume Paulo, aliyeijua Mithali, alipoandika amri za nyumbani alielekeza onyo lake kwa baba: katika Waefeso 6:4 asimchokoze mtoto, na katika Wakolosai 3:21 asimkatishe tamaa. Maneno yake mawili ya kulea, paideia na nouthesia, hubeba adabu na maonyo kwa pamoja. La pili lina maana ya kuiweka akili ya mtu mahali pake, na hilo halifanyiki bila kusema.

Suala hili si la vitabu tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, yakataza mateso na kumrudi mtoto kupita kiasi, ila haikatazi kumrudi kwa kipimo. Na kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu viboko vinne kwa idhini ya mkuu wa shule. Mwezi Agosti 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu. Kanisa halikumchapa mtoto yule. Lakini sisi, katika usharika wetu wa kwanza, tulikuwa na fimbo juu ya meza ya darasa la kipaimara. Tulimchapa binti mmoja kwa kusahau maana ya amri ya tano, ile inayotufundisha tusimdhuru jirani katika mwili wake. Aliikariri wiki iliyofuata bila kosa, akabarikiwa. Hatukumwona tena kanisani.

Miaka mingi baadaye tuliyaeleza haya katika mkutano wa wazazi wa shule ya Jumapili. Mama mmoja mzee akauliza, "Mchungaji, basi nikiiweka fimbo chini, nishike nini?" Tukamsimulia ile mifuko miwili ya mwaka 1526. Akasikiliza kwa makini, kisha akatukumbusha kwamba mchezo huo wahitaji mzazi na mtoto waketi meza moja. Nyumbani mwake watoto hula jikoni mapema, na baba yao hurudi wamekwisha kulala. Akauliza kama nyumbani kwa mchungaji ni tofauti. Tulipohesabu, tuliona kwamba tangu Pasaka hatukuwa tumemwuliza kitindamimba wetu hata neno moja alilolisikia kanisani.